Magari Tumeyaona, Wahudumu Wako Wapi?

Hakuna picha ambayo gavana wa Kenya huipenda kama ile ya siku ya kukabidhi ambulensi. Magari yamepangwa mstari mmoja uwanjani, viti vingali vimefunikwa nailoni, utepe umefungwa kwenye kioo cha mbele, kasisi na imamu wako tayari kuziombea funguo. Mgeni rasmi hupanda upande wa dereva, hupiga king'ora mara mbili, watu wakashangilia. Magazeti ya kesho yake hutaja idadi ya magari na bei yake. Sijaona bado sherehe ambayo mgeni rasmi alizunguka hadi mlango wa nyuma, akaufungua, akawaonyesha wananchi mtu atakayeketi humo na mgonjwa.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, hasa siku yake ya kwanza kazini. Kazi hiyo nimeifanya jijini Nairobi, na siku hizi nawalea wanaoingia. Zamu ya kwanza ya mhudumu mpya wa dharura hufichua mambo ambayo ripoti nene za wizara huyapitia juujuu. Sisi wakongwe tumeyazoea hadi tukadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Mgeni bado yanamshtua. Wala usidhani kinachomshtua kwanza ni damu. Damu aliitarajia.

Zamu huanza kwa ukaguzi. Mtungi wa oksijeni una kiasi gani? Mashine ya kufyonza matapishi inavuta? Betri ya mashine ya kushtua moyo imejaa? Mfuko wa kupulizia hewa upo wa mtu mzima na wa mtoto mchanga? Kola za shingo, mabanzi, ubao wa mgongo, kipima-sukari na vijiti vyake, vifaa vya kuzalisha, glavu, shuka safi. Mgeni hufungua kila droo na kutia alama kwenye karatasi. Dereva humwacha amalize, kisha humuuliza swali ambalo chuoni hakuulizwa: "Binti, oksijeni hiyo itatufikisha wapi?"

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Mtungi wa kubebeka wa saizi inayotumika sana, ukiwa umejaa, hushika takriban lita 680. Mgonjwa anayehangaika kupumua huvalishwa barakoa yenye mfuko na kupewa lita 15 kwa dakika. Gawanya: dakika 45. Darasani dakika hizo ni nyingi. Sasa zipeleke Barabara ya Mombasa saa kumi na mbili jioni, mvua imenyesha na lori limekwama Bellevue, uone zinavyoyeyuka kabla hujaliona paa la Nyayo. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 imewafaa walio karibu na pa kuipandia. Aliye ndani ya Pipeline lazima kwanza atoke Pipeline. Dereva mzoefu hajui mgandamizo wa gesi ni nini, lakini anajua kwamba mtungi uliofika nusu hautoshi kumtoa mgonjwa Imara Daima hadi Hospitali ya Kenyatta jioni ya Ijumaa. Kwa hiyo wanarudi stoo kuomba mtungi wa pili, na kama stoo imefungwa mgeni anajifunza jambo jingine kuhusu utumishi wa umma.

Kuhusu king'ora nisiseme mengi. Wenye magari wa Nairobi hulaumiwa kwa kutopisha, na wapo wasiopisha kwa roho mbaya tu. Wapo hata wanaoifuata ambulensi kwa nyuma wapate upenyo. Lakini miaka yote hii tumezoezwa ving'ora vya waheshimiwa wanaowahi mkutano. Aliyesukumwa kando mara nyingi kwa ajili ya mtu mzima wa afya huanza kukitilia shaka kila king'ora, na anayelipa ni mgonjwa.

Simu ya kwanza ikilia, mgeni anagundua kwamba mji huu hauna anwani. "Ukipita steji ya pili utaona kanisa la mabati, hapo uliza duka la mama wa mboga." Aliyepiga simu ameishiwa chaji. Lami inaisha, gari linasimama, na safari iliyobaki ni ya miguu: machela begani, kuvuka mtaro, kuinama chini ya kamba za nguo, kugeuka kwenye kona ambazo machela haigeuki. Mukuru, Mathare, Kibra, ndivyo ilivyo. Huko, kinachoamua kama utamfikia mgonjwa mara nyingi ni vijana wa mtaa. Wao ndio wanaokuja barabarani na tochi za simu, wanakusanya mikono ya kubeba, wanamwambia fulani asogeze mkokoteni wake. Sijui kwa nini tunawataja vijana hao kwenye taarifa za polisi tu. Usiku, bila wao, ambulensi Mathare ni mapambo.

Na huyo aliyepiga simu amebahatika kupata namba. Ipo 999, ipo 112, na zote mbili hukufikisha kwa polisi. Msalaba Mwekundu wana 1199. St John wana yao, kila kampuni binafsi ina yake iliyobandikwa ubavuni mwa gari, kaunti nazo hutangaza zao. Mama ambaye mtoto wake ameshikwa na degedege saa tisa usiku hapaswi kuwa mtafiti. Katika hali hiyo mtu humpigia simu anayemjua: shemeji mwenye probox, jirani mwenye teksi, kijana wa bodaboda. Ndiyo maana mhudumu mpya akifika eneo la ajali, mara nyingi hukuta mgonjwa wake wa kwanza ameshapakiwa kwenye gari jingine.

Hapo Barabara ya Jogoo, kwa mfano, mwendesha bodaboda amegongwa. Watu watano wamemshika, wawili makwapani, wawili miguuni, mmoja kiunoni, na kichwa kinaning'inia. Nia yao ni njema kupita kiasi. Mgeni, ambaye chuoni alishinda mwezi mzima akifundishwa jinsi shingo iliyovunjika inavyolindwa, sasa anatakiwa kuwaomba watu watano wenye huruma na haraka wamrudishie mgonjwa. Akitumia sauti ya amri watamfokea. "Mlikuwa wapi muda wote huu?" Akinyamaza, wataondoka naye. Mhudumu mzuri huwapa kazi. "Kaka, nishikie hiki kichwa hivi hivi, usikiachilie. Wewe mzee, nisaidie kurudisha watu nyuma." Katika dakika moja aliyekuwa anapiga kelele amekuwa msaidizi. Mbinu hiyo haimo kwenye mtihani wowote ninaoujua.

Kisha linakuja jambo lenyewe ambalo linaifanya kazi hii iwe kazi: kuamua. Umma unaamini kwamba ambulensi nzuri ni ile inayoondoka mbio. Wakati mwingine ni kweli. Aliyeumia tumboni na kuvuja damu kwa ndani anamhitaji daktari wa upasuaji, na kila dakika ya kupapasa vifaa barabarani ni dakika iliyoibwa. Lakini damu inayoruka kutoka pajani lazima ikamatwe papo hapo, kwa kugandamiza au kwa mkanda wa kukaza, kwa sababu inaweza kumuua mtu kabla gari halijageuzwa. Na aliyesimama moyo hubaki pale pale alipoanguka. Kifua chake hukandamizwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wahudumu wakipokezana kila baada ya dakika mbili kwa kuwa mikono huchoka kabla mwenyewe hajakiri. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa na kushtuliwa moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia saba hadi kumi. Kukandamiza kifua ndani ya gari linalopanda matuta ya Outering ni kujidanganya. Kwa hiyo mhudumu amepiga magoti kwenye vumbi, anahesabu kwa sauti, na nyuma yake umati unapiga ukelele: "Mbona hamwendi? Mwacheni tumpeleke wenyewe!" Huyu ana umri wa miaka ishirini na tatu na ni siku yake ya kwanza.

Halafu kuna "mlevi" wa steji. Amelala kwenye benchi, jasho linamtoka, anatamka maneno yasiyoeleweka, makanga wanamcheka. Mgeni anachoma kidole, anasoma kipima-sukari: 2.1. Ni mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini kisha akakosa kula. Anawekewa sukari ya maji kwenye mshipa, na dakika chache baadaye "mlevi" anauliza kiatu chake kiko wapi. Nimewaona wahudumu wapya wakilia baada ya mgonjwa wa namna hii kuliko baada ya maiti. Wamefikiria wale wengine wote waliolazwa seli hadi asubuhi.

Haya yote ni maamuzi ya mtu. Gari halijui sukari imeshuka. Na bado ukisikiliza mjadala wetu wa huduma za dharura, ni magari, magari, magari.

Marekani yenyewe ililijua hili kwa kuchelewa, na kwa mikono ya watu ambao haikuwatarajia. Katikati ya miaka ya 1960, mtu akianguka jijini Pittsburgh alichukuliwa na gari la polisi, au gari la kampuni ya mazishi. Gari la maiti lilifaa kwa sababu moja tu: ndani yake mtu angeweza kulala. Ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo ilieleza mwaka 1966 kwamba karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini ziliendeshwa na wafanyabiashara wa mazishi. Fikiria mgongano wa masilahi hapo, kama huwezi kucheka basi. Mwezi Novemba mwaka huo huo, David Lawrence, aliyekuwa meya wa Pittsburgh na baadaye gavana wa Pennsylvania, alianguka akihutubia mkutano. Akabebwa na gari la polisi. Alifika hospitalini bila kupata hewa ya kutosha njiani, na hakuzinduka tena hadi alipofariki. Mkubwa naye alikuwa amepanda gari la wanyonge.

Jijini humo alikuwapo daktari wa nusukaputi mzaliwa wa Vienna, Peter Safar, mmoja wa waliotufundisha kumpulizia mtu pumzi mdomo kwa mdomo na kumkandamiza kifua. Mwaka huo huo wa 1966 binti yake alikufa kwa pumu. Safar aliamini kwamba matibabu yanapaswa kuanzia pale mtu alipoangukia. Alipokutana na Phil Hallen, aliyesimamia mfuko wa hisani wa Maurice Falk, na shirika la Freedom House lililokuwa likiwatafutia kazi watu weusi wa mtaa wa Hill District, wazo likapata watu. Mwaka 1967 walianza kuwafundisha vijana wa mtaa huo, ambao ofisi za ajira ziliwahesabu kama wasioajirika. Wengine hawakuwa wamemaliza sekondari, wengine walikuwa wametoka vitani Vietnam. Mafunzo yalikuwa ya takriban saa 300: mwili wa binadamu, njia ya hewa, kuzalisha, kuendesha gari kwa utulivu, na kuhudumu ndani ya hospitali chini ya macho ya madaktari. Safar alichora pia mpangilio wa ndani ya gari. Lakini angalia nini kilitangulia.

Katika mwaka wa kwanza walipokea wito karibu 5,800. Polisi wa jiji hawakufurahia. Vijana wa Freedom House wakaweka redio za kunasa mawimbi ya polisi, wakisikia ajali wanakimbia kufika kabla yao. Wazungu wengine waliogopa kuguswa na mikono yao, hadi walipohitaji mikono hiyo. Katika miaka ya 1970 daktari kijana, Nancy Caroline, akawa mkuu wao wa tiba; alipanda nao magari, akawasahihisha bila huruma, na kutokana na kazi hiyo akaandaa mtaala uliokuja kuwa msingi wa mafunzo ya Marekani nzima. Mwaka 1975 jiji likaanzisha huduma yake lenyewe na Freedom House ikafungwa. Wengi wa wahudumu wale weusi walisukumwa nje polepole, kwa mitihani na uhamisho. John Moon ni mmoja wa wachache waliobaki wakapanda vyeo. Nchi ilichukua maarifa, ikawaacha wenye maarifa.

Miaka ya 1980 Nancy Caroline huyo huyo alihamia Afrika Mashariki na kufanya kazi na AMREF, shirika lililozaliwa mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege. Kwa hiyo siwezi kukubali hoja kwamba elimu hii haijafika kwetu. Imefika zamani, ikiwa imebebwa na mwandaaji wa mtaala wake mwenyewe. Uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi umekuwa ukipokea wagonjwa kwa ndege kwa zaidi ya nusu karne. Mgonjwa anaweza kuruka kutoka Wajir akatua Wilson ndani ya muda ambao mwenzake wa Kayole bado anauliza namba ya ambulensi.

Turudi kwetu. Katika ajali nyingi za barabara zetu kuu majeruhi bado hubebwa na Land Cruiser ya polisi, amelazwa kati ya mabenchi mawili, askari wameketi mbele. Barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Tuko Pittsburgh ya mwaka 1966, tofauti ni kwamba sisi tuna magari ya kisasa yaliyoegeshwa nyuma ya hospitali ya kaunti, yakiwa na vifaa ambavyo hakuna aliyeajiriwa kuvitumia.

Katiba ya 2010 haikuacha shaka kuhusu nani ana jukumu. Jedwali la Nne linaitaja huduma ya ambulensi, kwa jina, miongoni mwa kazi za kaunti. Lakini uliza kaunti ambulensi zake zinahudumiwa na nani, mara nyingi utajibiwa: dereva na muuguzi. Muuguzi huyo hakuajiriwa kwa ajili ya gari. Anatolewa wodini rufaa inapotokea, anapanda na mgonjwa mmoja, na kuwaacha wengine ishirini na mwenzake mmoja au bila yeyote. Ni mtu hodari, lakini hakufunzwa kumtoa dereva aliyebanwa na usukani wala kumpoza mtu mlevi mwenye kisu. Wakati huo huo vyuo vinatoa wahudumu wa dharura kila mwaka, vijana waliolipiwa karo kwa kuuza ng'ombe. Wengi wao utawakuta wapi? Wamesimama kando ya uwanja wa raga Jumamosi, au kwenye harusi na mikutano ya kampeni, wakilipwa kwa siku. Wengine wanajitolea miaka na miaka wakingoja nafasi. Waliobahatika wako Ghuba, wakiwahudumia wagonjwa wa Riyadh na Doha, na sina neno la kuwalaumu.

Nitaambiwa: pesa hazitoshi. Sawa, hazitoshi. Lakini ni pesa hizo hizo zinazonunua gari jipya lile la zamani likingali zima ila halina mhudumu. Gari hununuliwa mara moja, linaonekana, na lina utepe wa kukata. Mshahara hulipwa kila mwezi, hauonekani, na haukatwi utepe. Huo ndio uchumi halisi wa ambulensi zetu, na hauhitaji mtaalamu kuueleza.

Nitaambiwa pia kwamba bodaboda hufika haraka zaidi. Hilo nalikubali kuliko wengi wa wenzangu. Hebu tazama Tanzania walichofanya na mpango wa M-mama. Walianzia Kanda ya Ziwa, kwa wajawazito na watoto wachanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa kuwa wa taifa zima. Mtu hupiga 115 bila malipo. Anayepokea ni mtu aliyefunzwa, anauliza dalili kwa mpangilio, anaamua mama apelekwe kituo gani. Ikiwa ambulensi haipo karibu, anamwita dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa mapema, na dereva hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha. Walianza na anayepokea simu na anayekwenda. Sidai kwamba mfumo ule unafaa wote kwa Nairobi, kwa sababu mwanamke anayejifungua Sengerema na kijana aliyegongwa na lori Mlolongo hawahitaji kitu kimoja. Ninachosema ni kwamba wenzetu waliuliza swali la kwanza kwanza. Na vijana wetu wa bodaboda, ambao ndio watoa huduma ya kwanza wa nchi hii tupende tusipende, wanaweza kufundishwa kukaza mkanda juu ya jeraha na kutomkunja mtu shingo. Ni kazi ya siku mbili.

Sasa mlango wa hospitali. Hapa ndipo zamu ya kwanza humvunja mgeni moyo, kwa sababu alidhani akifika amefika. Kitengo cha dharura kimejaa. Kitanda hakuna. Mgonjwa hashuki, au anashuka na machela ya ambulensi, na machela inabaki naye. Ambulensi isiyo na machela haiwezi kupokea wito mwingine, kwa hiyo gari la mamilioni linasimama nje saa nzima likingoja kipande cha chuma na godoro. Simu zinaendelea kulia. Katika baadhi ya hospitali za kulipia, kabla hata mgonjwa hajaguswa, karani anamwuliza mhudumu, si jamaa, nani atalipa amana.

Sheria iko wazi kuliko kioo cha dirisha la karani huyo. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, ikaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza mgonjwa na kumpangia rufaa, na ikaweka faini isiyozidi shilingi milioni tatu kwa kituo chenye uwezo kinachokataa. Miaka miwili kabla ya sheria hiyo, Oktoba 2015, majeruhi mmoja wa ajali alikaa ndani ya ambulensi saa 18 jijini Nairobi, akizungushwa kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Nchi ilihuzunika, tume zikaongea. Wachache walimkumbuka aliyekuwa naye nyuma ya gari, kwa saa zile 18, akilinda pumzi yake na kuomba oksijeni ya kuongeza kila walipofika lango jingine. Kila ninapowafundisha wageni huwaambia kisa hicho, na huwaambia waandike saa. Saa tuliyofika langoni, saa tuliyopokewa, nani alitujibu nini. Hospitali haipendi kuandikwa. Lakini bila karatasi ile kifungu cha 7 hakina ushahidi, na sijasikia kaunti inayowataka wahudumu wake kukusanya saa hizo na kuzichapisha kila mwezi. Ingekuwa kazi rahisi. Ingewaaibisha wengi kwa gharama ya kalamu.

Kuna jambo jingine la siku ya kwanza ambalo nalitaja kwa ufupi, maana wenyewe hawapendi kulizungumza. Mgonjwa wa kwanza akifia mikononi mwa mhudumu, hakuna ofisi inayomwuliza habari. Dereva humnunulia chai na mandazi, wanasafisha sakafu ya gari pamoja, mzee anamweleza kisa cha mgonjwa wake wa zamani, redio inaita tena. Madereva wetu wamekuwa washauri nasaha bila cheo wala posho. Wengine wamestaafu na visa vyao. Tukitaka wahudumu wadumu zaidi ya miaka mitatu, mtu anayelipwa lazima aifanye kazi hiyo ya dereva.

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa kwenye mabunge yake kabla ya mwisho wa Aprili, na huitishwa vikao vya wananchi kutoa maoni. Najua vikao hivyo vilivyo: viti vya plastiki, soda, nakala tatu za kitabu kwa watu mia mbili. Nendeni hata hivyo. Msiulize kaunti ina ambulensi ngapi, jibu la swali hilo wanalo tayari na watalitoa kwa bashasha. Ulizeni jedwali la zamu ya Jumamosi usiku: gari gani, limeegeshwa wapi, nani yumo ndani, amefunzwa wapi, ameajiriwa kwa mkataba gani, nani anapokea simu. Wakisema dereva yupo na muuguzi wa wodi ya wazazi ataitwa ikihitajika, ulizeni nani atabaki na wazazi.